Mfuko wa diakonia: wanaopewa ni walewale, wenye shida wamenyamaza

MzeeMpya
Bwana Yesu asifiwe. Nimekabidhiwa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida, mtaani kwetu (KKKT, kanisa la Kilutheri), jumuiya sita. Tukitangaza msaada ibadani, wanaojitokeza ni walewale, wajane hawasemi. Wagonjwa nao wananung'unika kwamba hawatembelewi. Tupangeje?

Mhazini_Mstaafu
Amina. Acheni kutangaza kwanza. Mwenye haya hainuki mbele ya kanisa zima.

Someni Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, wakachaguliwa watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaani kazi ilipewa upande uliokuwa unalalamika. Kwa hiyo kila jumuiya itoe mtu mmoja asiye kiongozi, ikiwezekana mama anayejua nyumba ipi haijawasha jiko tangu jana.

Huyo anaona na kuleta taarifa tu. Watatu wengine wanaidhinisha, mhazini analipa. Mkiunganisha kazi hizo kwa mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu atasemwa; Paulo mwenyewe hakubeba changizo peke yake, ili asilaumiwe (2 Kor 8:20). Daftari liwe na tarehe, namba ya kaya, hitaji, kiasi, saini mbili. Majina yakae kwa mchungaji, barazani isomwe jumla tu.

Pesa taslimu iwe njia ya mwisho. Lipeni duka la dawa au shule moja kwa moja, mchukue stakabadhi. Na msimalize mfuko: theluthi ibaki kwa dharura, maana msiba hausubiri sadaka ya Jumapili.

Mama_Wodini
Mimi niseme ya wagonjwa. Nendeni wawili, mpige simu kabla. Hospitali dakika 15 zinatosha, mgonjwa anachoka kuwachekea wageni. Nawa mikono unapoingia na unapotoka. Usikae kitandani, vuta kiti macho yenu yalingane. Usimuulize anaumwa nini, akitaka atasema. Na tafadhali, habari za shemeji yako aliyekufa kwa ugonjwa huohuo ziache nyumbani!

Chakula ulizeni kwanza. Ndizi mbivu tunabeba kwa upendo, ila mgonjwa wa figo mara nyingi amekatazwa kwa sababu ya potasiamu. Jina lake lisitajwe kwenye maombi bila ruhusa yake.

Tunapokosea zaidi ni kwa wafiwa. Siku za matanga pamejaa, wakishaondoka wageni hakuna anayebisha hodi. Andikeni tarehe ya mazishi, kisha mrudi wiki ya tatu, mwezi wa tatu, na siku ya kutimiza mwaka.

Kijana_wa_Kwaya
Namba ya kaya haifichi kitu, mtaa mdogo tunajuana wote. Kinachoaibisha watu ni picha za kukabidhi unga kwenye grupu la WhatsApp. Pigeni marufuku hizo.

MzeeMpya
Nimewaelewa. Na anayerudi kila mwezi?

Mhazini_Mstaafu
Hiyo si dharura tena. Ulizeni watoto na wajukuu wake wako wapi, 1 Tim 5:4 inaanza na hao. Mwiteni mkubwa wao faragha, mchungaji akiwepo. Wasipokuwepo, mpeni kiwango kinachojulikana kwa miezi mitatu, huku mkimfikisha ofisi ya ustawi wa jamii. Miezi ikiisha kaeni upya. Msiache ijiendeshe yenyewe.