Majirani Wema: barua ya diwani

*Jumatano*

Mama Zubeda 18:52
Asalaam alaykum majirani. Barua ya kumshtaki diwani iko tayari, kurasa 2, nimeandika kwa mkono. Kesho asubuhi naipeleka Jiji. Nataka saini 20. Niko barazani kwangu mpaka saa 4 usiku.

Mama Zubeda 19:31
Watu 31 mmesoma. Hajaja hata mmoja.

Rama 19:40
Niko Mgandini sijafunga duka. Niwekee nafasi.

Mama Zubeda 19:40
Saini haiwekewi nafasi Rama. Njoo.

Mama Faraji 19:44
Tunamshtaki la mtaro au la matusi?

Mama Zubeda 19:49
La matusi. Jumamosi kwenye mkutano wa mtaa Bi Mwanahamisi kasimama kwa adabu zake, kauliza michango ya makalavati imefikia wapi. Diwani akamjibu "Kaa chini bibi, nyumba yenyewe umeazimwa, makalavati yanakuhusu nini?" Mbele ya wajukuu zake. Nilimshika mkono akikaa, ulikuwa unatetemeka, kanga kaivuta mpaka usoni. Nimeyaandika neno kwa neno, na siku, na saa. Madiwani wana kanuni zao za maadili na halmashauri ina kamati ya kuzisimamia. Wazisimamie.

Hemedi 19:53
Na hela tia humo humo.

Mama Zubeda 19:55
Hapana. Kama tunasema hela zimeliwa, hiyo ni kazi ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, piga 113, ni bure. Tukichanganya, huku watasema peleka kule, kule watasema rudisha huku.

Mjomba Side 19:58
Mkate wa kumimina wa moto umetoka jamani

Rama 19:58
Una iliki?

Mjomba Side 19:59
Iliki ya kumwaga

Baba Neema 20:00
Niwekee vipande 2

Mama Zubeda 20:01
Side nakuomba. Leo tu.

Hemedi 20:06
Utaratibu tuanzie ofisi ya kata.

Mama Faraji 20:07
Hemedi wewe nyamaza kabisa. Ile barua ya jalala aliiacha nani kata?

Hemedi 20:09
Miaka 6 mnanisema! Niliiacha mezani kama nilivyotumwa.

Mama Faraji 20:11
Na magharibi yake diwani wa wakati ule anatutaja majina mmoja mmoja msibani. Genge langu nilivyosumbuliwa baada ya pale unajua wewe?

Hemedi 20:11
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Zubeda 20:15
Ndiyo maana kata hatuendi. Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe, katibu wake ni mtendaji wa kata. Utamshtaki mtu kwenye meza yake? Barua inakwenda kwa Mkurugenzi wa Jiji. Masjala wanaipokea, nakala yetu inagongwa muhuri, narudi nayo. Bila muhuri siondoki pale.

Baba Neema 20:22
Kwa hiyo Mkurugenzi atamfukuza?

Babu Athumani 20:48
Mjukuu wangu Neema amenisomea yote, na haya anayaandika yeye. Neema, mwambie baba yako Mkurugenzi hamfukuzi diwani. Diwani hakuajiriwa, tulimchagua kwa kura. Kamati inaweza kumwita ajieleze, na ikimwita itataka na aliyetukanwa aseme. Sasa nauliza. Mwanahamisi ameulizwa? Tangu Jumamosi sijamwona hata kisimani. Mnataka asimame tena ayarudie maneno yale mbele ya watu asiowajua. Asipokubali yeye, hiyo barua isitoke barazani kwako, mama Zubeda.

Mama Zubeda 21:10
Shikamoo babu. Sijamuuliza. Nilimwandikia kwa uchungu wangu. Nakwenda sasa hivi.

Mama Zubeda 21:34
Taa imezimwa. Nimebisha mara moja tu, sikutaka kumtisha. Narudi baada ya alfajiri.

Rama 22:17
Nimefunga duka. Saini wapi?

*Alhamisi*

Mjukuu wa Bi Mwanahamisi 05:48
Shikamooni. Bibi hakulala, alisikia hodi. Anauliza, humo kwenye barua ameandikwa jina lake au "mkazi mmoja"?

Mama Zubeda 05:50
Jina lake, na la baba yake. Mwambie nakuja nayo aisome mwenyewe. Akisema nifute, nafuta.

Babu Athumani 05:57
Nenda. Saini yangu iweke chini ya yake, si juu.

Hemedi 06:30
Kwa hiyo leo Jiji tunakwenda au hatuendi? Nina baiskeli.