Sungura darasani: Jumamosi atalishwa na nani?

Wenzangu, naleta hoja hii kwa sababu ya sungura mmoja. Muhula uliopita mtoto wa dada yangu, yuko Gredi ya 4, aliambiwa aende shuleni na mnyama mdogo wa somo la kilimo. Akambeba sungura wake ndani ya katoni ya sabuni iliyotobolewa kwa kalamu. Wenzake walikuja na kuku, mmoja na njiwa. Darasa ni la mabati, jua la saa sita, watoto wamejaa na kila mmoja anataka kumgusa. Nilipomfuata jioni, sungura alikuwa amelala ubavu, anahema mbio mbio, pua imelowa. Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto lake hutoka mwilini kupitia masikio, na masikio hayo ndiyo yaliyoshikwa kutwa nzima. Hakufika asubuhi.

Wapo watakaosema basi picha na video zinatosha. Hapo mimi nakataa. Mtaala wa Umilisi wa shule zetu za Kenya unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, na vilabu vya 4K, vile vya kilimo shuleni, vilipozinduliwa upya mwaka 2021 nilifurahi kwelikweli. Kuku huatamia siku 21. Manyoya ya tumboni humpungua ili ngozi yake iguse mayai, naye huyageuza mwenyewe kwa mdomo, usiku na mchana. Zikikaribia kutimia, ukiweka yai sikioni unamsikia kifaranga analia ndani. Mtoto aliyesikia sauti ile, mkono bado unamuuma alipodonolewa na mama kuku, hahitaji kukaririshwa kitu.

Lakini kuku huyo alikuwa kwenye kiota chake, hakuwa ndani ya katoni.

Wengine wananiambia, "Ni kuku tu, kwani hatuwachinji?" Tunawachinja, ndiyo, na kuchinja nako kuna adabu yake: kisu kiwe kikali, na mmoja asichinjwe mbele ya mwenzake. Sasa adabu ya kumfundishia mtoto iko wapi? Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa kosa kumbeba mnyama kwa namna ya kumtesa, na kumnyima chakula na maji vilevile.

Rai yangu ni hii: darasa limwendee mnyama. Shule yenye banda iwe na zamu ya kulisha, na mtu mzima anayejulikana kwa jina atakayeshika zamu wikendi na likizo. Isiyo na banda iombe kwa mfugaji jirani, asubuhi kabla jua halijakaza, watoto wachache wachache. Wakirudi wanawe mikono kwa sabuni kabla ya uji, maana kuku mzima wa afya anaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha.

Walimu mlioko humu, nawauliza bila ugomvi: kwenu mnyama akiletwa Ijumaa, Jumamosi anapewa maji na nani?