Mlio wa kompyuta inapowaka: tuuache au tuuzime?

Fundi, Moshi:
Wadau, baadhi ya walimu wa kompyuta wanataka mashine za mtumba tunazofunga mashuleni ziondolewe kabisa ule mlio wa kuwaka. Wanasema ni tangazo la kampuni, halafu ni kelele. Mimi napinga.

Kwamba mlio ni chapa, sibishi. Microsoft walimpa kazi mwanamuziki Mwingereza, Brian Eno, akawatungia wa Windows 95, kipande cha sekunde kama 6 hivi. Mwaka 2025 Maktaba ya Bunge la Marekani ikakiingiza kwenye orodha ya sauti za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Apple nao wamesajili mlio wa kompyuta zao za Mac kuwa alama ya biashara.

Lakini watu waliipenda milio hiyo kwa sababu ilikuwa inawaambia kitu. Mac inalia ikishajikagua na kujiona nzima. Kompyuta nyingi za mezani za zamani hutoa bipu moja fupi zikiwa salama, na RAM (kadi ya kumbukumbu ya muda) ikikaa vibaya zinapiga bipu za kurudiarudia. Juzi nimeletewa mashine, skrini nyeusi tii, mwenyewe kashakata tamaa anataka kununua nyingine. Nikachomeka spika, nikawasha, nikasubiri. Windows ikalia. Hapo hata bisibisi sikuishika, nikaenda moja kwa moja kwenye kebo ya skrini: pini imepinda. Bila ule mlio ningeanza kuifungua mashine bure.

Mwalimu, Arusha:
Fundi, hilo nimelielewa, ila wewe una mashine moja mezani. Mimi nina chumba kizima. Zikiwashwa kwa pamoja asubuhi, darasa la jirani linageuza shingo lote. Na Windows 8 ilitoka mwaka 2012 mlio ukiwa umezimwa, Apple wakauondoa kwenye MacBook Pro za 2016. Wenye mali wameuacha, sisi tunaung'ang'ania wa nini?

Fundi, Moshi:
Mwalimu wangu, wenye mali wameurudia. Apple waliurudisha na macOS Big Sur, toleo la mfumo wa Mac la mwaka 2020, tena na sehemu ya kuuwasha au kuuzima kwenye mipangilio. Windows 11 ya mwaka 2021 ikaja inalia. Kwa hiyo tusibishane kama uwepo au usiwepo. Swali ni nani anayeushika usukani wake, na kwangu mimi ni mtumiaji, si kampuni wala fundi.

Mfikirie mwanafunzi asiyeona. Amebonyeza kitufe, ameketi, anangoja. Programu ya kumsomea skrini bado haijaanza kusema. Atajuaje mashine imeitika? Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta wenye jina la kwetu Afrika, zamani ulikuwa unapiga ngoma kidogo ukurasa wa kuingilia ukiwa tayari. Huyo kijana hakuhitaji kuuliza jirani.

Nashauri hivi: mashine za kawaida za maabara zifungwe mlio ukiwa umezimwa kwenye mipangilio, bila kufuta chochote. Ya mwalimu na ya mwanafunzi asiyeona zilie, hii ya pili iwe na hedifoni zake. Kelele ya asubuhi itakuwa imeisha, na haki ya yule kijana itakuwa palepale.

Mnaofundisha wanafunzi wasioona huko Arusha, nyie mnazifungaje?