Mjadala: Redio za Dodoma zipige nyimbo za lofi zilizorekodiwa chumbani?

Mleta mada
Wadau, hili tuliweke mezani. Lofi ni muziki unaoachiwa makusudi uchakavu wa sauti, kama kelele za kanda ya kaseti. Msanii wa kujitegemea, gitaa moja, anaimba taratibu kama mtu asiyedaiwa, karekodi chumbani kwake Nkuhungu. Akipeleka redioni anaambiwa ubora haujafika. Watetezi wake wanamtaja Mac DeMarco wa Canada: 2012 alitoka kupitia lebo ndogo ya Captured Tracks kwa kazi alizojirekodia nyumbani, na 2018 akaanzisha lebo yake mwenyewe. Redio ziwape nafasi, au zina haki kukataa?

Fundi Mitambo
Zina haki. Kabla wimbo haujaenda hewani unapita kwenye mtambo unaobana sauti kubwa na kuinua ndogo. Ile "shiii" ya kanda iliyokuwa tamu kwenye iyafoni inapanda hadi inashindana na mwimbaji. Halafu kuna ujanja wa kutanua gitaa kwa kugeuza wimbi la upande mmoja. Kwenye redio ya spika moja, pande mbili zinafutana na gitaa linatoweka. Msikilizaji wa Majengo sokoni anabaki na sauti inayoelea peke yake.

Kikuyu Kusini
Mkuu, huo ni uchafu, usiuite lofi. Lofi inarekodiwa safi kwanza, uchakavu unaongezwa baadaye kwa kipimo. Wengi wanaharibu hapa: wanarekodi kwa simu huku mpangilio wa kujirekebisha sauti ukiwa umewashwa. Gitaa likinyamaza, simu inadhani hakuna sauti, inajiongeza yenyewe, na feni inajitokeza katikati ya mistari. Tumia programu inayokuruhusu kuzima hicho kitu. Maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kilele cha sauti kwenye kipimo kisizidi -12 dB, ngurumo za chini ya 80 Hz kata kwenye sauti ya kuimba. Godoro lisimamishe nyuma ya mwimbaji, maana maiki inatazama huko. Na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haigeuki sanaa kwa kupachikwa jina la lofi.

Fundi Mitambo
Na bati je? Chumba kisicho na dari, upepo wa Dodoma wa Julai ukianza, bati linagonga wimbo mzima.

Kikuyu Kusini
Rekodi alfajiri, kaka. Au sogea karibu na maiki na upunguze kiwango cha kupokea. Kazi imeisha.

Dada wa Area C
Mnabishana maiki, mimi naona tatizo kwenye haki. Vijana wengi wa lofi wanachukua biti mtandaoni yenye leseni isiyo ya kipekee. Biti hiyohiyo wameuziwa wengine, na mmoja wao akiisajili kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, wimbo wako unawekewa dai. Redio ikiogopa hapo, siilaumu. Piga gitaa lako mwenyewe. Andikeni mapema asilimia ya kila aliyetunga, msajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na BASATA, baraza la sanaa, mtambulike. Spotify nako hupakii mwenyewe, unapita kwa msambazaji. Soma kama nyimbo zinaondolewa usipolipa ada ya mwaka, maana wapo wanaofanya hivyo.

Mwana Chamwino
Naongeza moja. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa asili wa mkoa huuhuu, alirekodi na lebo ya Real World ya Uingereza akiwa na ilimba yake inayozizima, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Ule mzizimo haukuonekana kasoro, ndio ladha yenyewe ya ala. Anayedai ala lazima ilie safi kama kinanda cha studio anatupima kwa rula ya kwingine. Ila nakubali, Zawose alirekodiwa na watu waliojua maiki inawekwa wapi.

Fundi Mitambo
Hapo sawa. Basi walete nakala mbili. Ya mtandaoni ibaki na kanda yake, ya redio ipunguzwe kelele na gitaa liwekwe katikati.

Mleta mada
Nakala ya pili nani atamlipa fundi?

Kikuyu Kusini
Hakuna wa kulipwa. Kelele za kanda ziweke kwenye mkondo wake peke yake tangu mwanzo, usiziunganishe na sauti. Ukifika wakati wa redio unazishusha, unasikiliza kwa spika moja, unatoa faili nyingine ya WAV, ile isiyobanwa. Aliyeziunganisha ndiye atakayerudia kurekodi.