Tupeane uzoefu: mashine yako ya kupimia sukari ya damu nyumbani, ulijuaje kama yasema kweli?

Binti Langoni: Asalam aleykum jamaa. Mimi ndiye mpimaji wa mamangu hapa Amu (Lamu). Juzi alfajiri hajatia kitu mdomoni mashine ikaandika 14.2, nikamuuliza umekula nini usiku, tukagombana bure, kumbe kaamka akawamenyea wajukuu embe. Kidole nilikipaka spiriti na haikusaidia. Akanawa kwa sabuni akakausha, 7.9. Haya, nanyi zenu ziliwadanganya vipi?

Babu wa Shela: Mimi ni stripu, vile vijikaratasi vya kutilia tone la damu. Mkebe wake nauacha wazi jikoni na hili joto la kaskazi na unyevu wa bahari, namba zikawa zaruka tu, leo 6 kesho 11 na chakula ni kile kile. Nikajifanya mjanja nikazitia kwenye friji, kijana wa duka la dawa akanicheka, anasema huko pia zinapata unyevu. Weka chumbani pasipo jua, toa moja, funga mkebe hapo hapo. Na tarehe uisome.

Mamake Swafaa, Malindi: Mie nilipima nyumbani saa kumi na mbili, nikanywa chai na mahamri, saa tatu nikatolewa damu maabara halafu nikaanza kuitukana mashine 😂 Safari ya pili nikaenda na njaa na mashine mkobani, nikajidunga kidole dakika ile ile natolewa damu mkononi. Maabara 9.0, yangu 9.8. Hiyo si mbovu. Kiwango cha kimataifa cha 2013 chataka vipimo 95 katika 100 visipishane na maabara zaidi ya asilimia 15, na sukari ikiwa chini ya 5.55 basi isizidi tofauti ya 0.83. Kwa hivyo ukitafuta namba zilingane kabisa utanunua mashine kila mwezi.

Nahodha mstaafu: Yetu ililetwa na mpwa kutoka Dubai. Kupima, 126! Mke akaanza kulia, mimi natafuta boti ya Mokowe tuvuke bara 😅 kumbe ile yahesabu kwa miligramu, si milimoli kama zenu, wagawa kwa 18, yaani 7.0.

Mkwe wa Mkomani: Hamjataja ile chupa ndogo ya maji ya kujaribia mashine. Watia tone kwenye stripu badala ya damu, jibu liangukie kati ya namba zilizoandikwa kwenye mkebe wa stripu, likitoka nje basi stripu au mashine ina kasoro. Ukishaifungua andika tarehe, nyingi ni miezi mitatu tu. Na mwenye upungufu wa damu amwambie daktari, mashine nyingi humpandishia namba. Dawa usiibadilishe kwa kipimo kimoja cha ajabu.

Binti Langoni: Shukran. Hayo maji nimeuliza maduka mawili hapa, hakuna. Kuna anayepanda kutoka Mombasa wiki hii anibebee? Pesa natuma leo leo.