Mjadala: Mdundo wa Burundi kwenye pop ya Uingereza, nani alistahili kulipwa?

Wakuu, kila anapotajwa mwimbaji Annabella Lwin watu huishia kwenye umri wake. Mimi nataka tuzungumzie ngoma.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Rangoon mwaka 1966, baba Mburma na mama Mwingereza, akakulia London. Alikuwa na miaka 13 tu, anafanya kibarua kwa dobi, aliposikika akiimba kufuatisha redio. Meneja Malcolm McLaren akamweka mbele ya bendi ya Bow Wow Wow, na mwaka 1980 wakatoa wimbo "C·30, C·60, C·90, Go!".

Usikilize kwa makini. Mpiga dramu wao, Dave Barbarossa, hapigi kama wapiga dramu wa roki wa wakati ule. Anazungukazunguka kwenye tom-tom (zile ngoma za seti ya dramu), mdundo haupumui. Asili yake ni Burundi. Wafaransa waliwarekodi wapiga ngoma huko miaka ya 1960, na mwaka 1971 rekodi ile ikaongezewa piano na vyombo vingine, ikauzwa kwa jina la Burundi Steiphenson Black. McLaren akaupenda mdundo huo, akawapa wanamuziki wake.

Kuna wanaosema mdundo hauna mwenyewe, na Barbarossa alipiga kwa mikono yake. Hilo la pili nakubali, bendi haikuiba. Lakini rekodi ya 1971 ilitumia sauti zilezile za wale wazee, na kwenye jina la kuuzia hakuna hata mmoja wao. Deni liko hapo, na Annabella halimhusu: hata maneno mengi aliyoimba aliandikiwa na meneja.

*

Mkuu, bila McLaren nani Ulaya angezijua ngoma hizo?

*

Ndugu yangu, mwimbaji wa Kanada Joni Mitchell alishaitumia ile rekodi ya Wafaransa ya miaka ya 1960 kwenye wimbo wake mwaka 1975. Na mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walipanda wenyewe jukwaani kwenye WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, Uingereza. Ukiwaona utaelewa: inkiranya, ngoma inayoongoza, katikati, wengine nusu duara wakimfuata anayeipiga, wanapokezana bila kukatika. Ule ni utunzi wenye mpangilio, una wenyewe, na UNESCO iliutambua mwaka 2014. Msimamo wangu ni kwamba waliouza rekodi ya 1971 wazilipe jamii za wapiga ngoma, hata leo. Wa Gitega na Bujumbura, ninyi mnasemaje: zilipwe familia za waliorekodiwa, au vikundi vinavyoendelea kupiga?