Matairi ya pikapu ya Baba

Baba: Habari za asubuhi wanangu. Fundi ameikagua pikapu jana. Injini nzima, breki nzima. Matairi ndiyo yamekwisha. Ya nyuma yamebaki kashata (meno ya tairi) ya milimita 2, ya mbele yameliwa upande wa ndani. Nataka kufunga A/T mapya, yale ya lami na njia mbovu. Kila mwenye analolijua aseme kabla sijatoa hela.

Kitinda: Shikamoo Baba. Funga haya 👇🏾
*[picha]*
Ni M/T, ya matope. Angalia meno yake, kama ya trekta!

Baba: Marahaba. Kweli yanapendeza.

Kaka Mkubwa: Shikamoo Baba. Hayo usiyanunue. Nimeendesha M/T miaka miwili kwenye gari la kazini. Kwenye tope zito hayana mpinzani, hilo nakubali. Lakini ukishika lami, ukifika kilomita 80 kwa saa yanavuma mpaka hamsikilizani ndani ya gari. Na lami ikilowa ndiyo hatari yenyewe: yale mabonge makubwa hayana mikato myembamba ya kuishika lami yenye maji, kwa hiyo ukikanyaga breki gari linakwenda mbele zaidi kuliko ulivyotegemea.

Mama: Mimi ndiye ninayekaa pembeni ya dereva kila safari. La breki limenitosha, hata la kelele sihitaji kusikia.

Mjomba: Hamjambo wote. Shemeji, nijibu mawili kwanza. Katika siku 10, gari liko kwenye lami siku ngapi? Na mzigo mzito kuliko yote unaoubeba ni kilo ngapi?

Baba: Siku 7 lami, shemeji. Siku 3 njia ya shamba, changarawe na yale mawe ya korongoni. Mzigo mkubwa ni mbolea, mifuko 16 ya kilo 50.

Mjomba: Kilo 800 juu ya mawe. Basi A/T umechagua sawa. H/T ni ya lami tupu, pale korongoni yatakatwa. M/T utayachosha bure kwenye zile siku 7. Sasa tuongee ubavu wa tairi, maana watu wanaangalia meno tu.

Dada: Baba, nitumie picha ya maandishi ya ubavuni, yote.

Baba: *[picha]*

Dada: Asante. 265/65R17 112S. Upana milimita 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani kama milimita 172. R ni radiali, yaani namna tairi lilivyojengwa, 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. 112 ndiyo ya kushika: tairi moja linaruhusiwa kubeba hadi kilo 1,120. S ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 180 kwa saa.

Kitinda: Tukiweka 265/70 je? Gari linyanyuke kidogo.

Dada: Nimepiga hesabu. Kipenyo kinaongezeka milimita 26.5, lakini gari linanyanyuka nusu yake tu, milimita 13. Na spidomita itakudanganya: ikionyesha 100, wewe unakwenda kama 103.

Kaka Mkubwa: Na ukikata kona usukani ukiwa mwisho, linaweza kugusa plastiki za ndani ya madigadi. Abaki na saizi yake.

Kitinda: Haya, nimeelewa. Na hii M+S iliyoandikwa ni nini?

Dada: Matope na theluji. Inapewa kwa umbo la kashata tu. Ukiona mchoro wa mlima wenye kipande cha theluji ndani, hilo limejaribiwa kweli kwenye theluji. Kwa Baba si la kumnyima usingizi.

Mjomba: Nirudi kwenye ubavu. Kuna A/T zilizojengwa kama tairi za gari dogo, na kuna zenye herufi LT mbele ya saizi, zilizojengwa kwa ajili ya gari la mzigo. Kwa macho kashata zinafanana kabisa, hata muuzaji anaweza kukupa moja badala ya nyingine bila kukwambia. Mimi nilinunua laini. Meno mazuri, mapya kabisa. Mwezi wa pili nimebeba matofali, jiwe likaingia ubavuni, likapasua kama kisu. Ubavu hauzibiki pancha, tairi limekwisha. Nilisubiri msaada pale hadi giza likaingia, na mtoto nilikuwa naye.

Mama: Nakumbuka hiyo siku kaka. Tulihangaika sana.

Mjomba: Tangu siku hiyo nasoma ubavu kwanza. LT ina daraja la uimara: C, D, E. C ni sawa na tabaka 6 za nyuzi, D 8, E 10. Siyo kwamba ukilichana utahesabu tabaka 10, ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu enzi za matairi ya nyuzi za pamba.

Kaka Mkubwa: Mjomba, kwa heshima, hapo naona tofauti. LT ya daraja E ni nzito na ngumu. Pikapu ikiwa tupu itarukaruka, mafuta yataongezeka, na siku 7 kati ya 10 Baba yuko lami. Hiyo 112 aliyonayo inabeba mbolea bila shida.

Mjomba: Kubeba inabeba, sikatai. Mimi nazungumzia jiwe. Uzito ukikaa nyuma, ubavu unavimba nje, na ndiyo sehemu inayokutana na mawe ya korongo. Angekuwa anapita changarawe laini tu, ningekuunga mkono wewe.

Kaka Mkubwa: Sawa. Ila kama ni LT, upepo lazima ubadilike. Baba asije akajaza kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni.

Baba: Kwa nini? Si ndicho kipimo cha gari langu?

Kaka Mkubwa: Ni kipimo cha gari lako likiwa na aina ya tairi lililotoka nalo kiwandani, Baba. LT inahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule. Mtengenezaji wa tairi ana jedwali la mzigo na upepo, fundi afuate hilo. Na ile namba kubwa ya ubavuni, kama PSI 80 (PSI ni kipimo cha upepo) kwenye daraja E, ni kikomo, siyo ya kujaza kila siku.

Baba: Nimeandika kwenye daftari. Je, nikinunua mawili ya nyuma kwanza, ya mbele mwezi ujao?

Mjomba: Usifanye hivyo shemeji. Foo wili yako ukiifunga, mbele na nyuma vinazunguka pamoja. Tairi zikitofautiana kipenyo, gia zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Afadhali usubiri ununue yote.

Mama: Na spea. Ile iliyoko chini ya bodi ina umri wa huyu Kitinda.

Dada: 😅 Mama yuko sawa, matano. Mkiizungusha spea pamoja na mengine kila kilomita 8,000 hadi 10,000, yanakwisha kwa pamoja.

Kitinda: Lakini matope ya msimu wa mvua je? A/T si tutakwama?

Mjomba: Utapunguza upepo, kijana. Tairi likilegea linajilaza, linakanyaga eneo refu zaidi. Unakwenda polepole, hukati kona kwa kasi, na unajaza tena kabla hujagusa lami. Kwa hiyo pampu ndogo ya betri ikae ndani ya gari. Wengi wanakwama na tairi nzuri kwa sababu wameziacha zimejaa kama mpira wa kuchezea.

Dada: Jamani, tumepitiwa na jambo moja. Baba amesema ya mbele yameliwa upande wa ndani.

Kaka Mkubwa: 🙆🏾‍♂️ Kweli! Baba, hilo silo kosa la tairi. Ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawa, au bushi na boljointi, vile viungo vya mbele, zimechoka. Ukifunga mapya juu ya ugonjwa huo, yataliwa vilevile.

Baba: Fundi hakuniambia.

Kaka Mkubwa: Anyanyue mbele, atikise gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, abadilishe kilichochakaa, ndipo apime alaimenti. Tairi baadaye.

Baba: Sawa. Hilo kwanza. Kisha nachukua LT, matano, saizi ileile. Kijana wangu, hoja yako ya mafuta nimeisikia, lakini lile korongo napita na mama yenu.

Kaka Mkubwa: Nimekubali Baba.

Mjomba: Dukani angalia tarehe. Ubavuni kuna herufi DOT, fuata namba 4 za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi nimewahi kuuziwa "mapya" yaliyokaa stoo miaka minne. Angalia kila tairi, yote matano, siyo lile la juu tu.

*Jumamosi iliyofuata*

Baba: Boljointi ya kulia ilikuwa imekufa. Imebadilishwa, alaimenti imepimwa. Nipo kwenye matairi sasa.
*[picha]*

Dada: LT265/65R17 120/117S. 120 ni kilo 1,400 kwa tairi. 117 ni ya magari yenye tairi mbilimbili nyuma, haikuhusu. Tarehe?

Baba: Manne yana namba ileile, ya mwaka huu. La tano ni la miaka mitatu nyuma. Nimelikataa, wameleta jingine.

Mjomba: Hapo sawa shemeji! Nati zikazwe upya ukishatembea kilomita 80 hivi, ringi zikishatulia.

Kitinda: Baba tuma picha likiwa limefungwa!

Baba: *[picha]*

Kitinda: Limependeza hata bila M/T 🔥

*Saa 11 jioni*

Mama: Tumetoka shamba. Korongo tumelipita na mifuko yote, wala sikushika mlango. Kelele ipo kidogo, tunaongea vizuri. Kilomita 84. Baba yenu amesimama pembeni na spana, anakaza nati.